Jibu bila njia, mwalimu hakubali

Mwalimu wa hesabu mu sekondari anakata pointi kwa mtoto mwenye kuandika jibu tu, bila kuonyesha njia. Siye wazazi tunaona ana haki. Lakini mwisho wa mwezi tunapokea fishi ya mshahara yenye jumla moja kavu ya masaa ya ziada, na tunatia mkono.

Ndugu mfanyakazi, kaa na mtoto wako, mufanye hii hesabu pamoja. Baba alitumika siku 6, masaa 9 kila siku: 6 × 9 = 54. Sheria ya kazi ya inchi yetu inasema 45 kwa juma. Basi 54 − 45 = 9 za ziada. Tuseme saa moja ni franga 4.000. Masaa 6 ya kwanza yanaongezwa 30%: 4.000 × 1,30 = 5.200, mara 6 ni 31.200. Hapa ndipo wengi wanapotea: masaa 3 yenye kubakia hayako tena ya 30%, ni 60%. 4.000 × 1,60 = 6.400, mara 3 ni 19.200. Yote pamoja 50.400. (Siku ya mapumziko ni 100%, ile tuiweke kando.)

Wakilipa yote 9 kwa 30%, utapata 46.800. Franga 3.600 zimekwenda, mu juma moja tu.

Fishi isiyoonyesha njia, uliza mbele ya kutia mkono. Mpelekee delege wa sindika pamoja na karatasi ya mtoto. Mbele ya mistari ile, biro haiwezi kumjibu tu kwamba mashine ndiyo ilipiga hesabu.