Uchambuzi: Gegedu la goti likichanika, ni nani anayehitaji upasuaji?

Katika Uwanja wa Intwari, mtaani Rohero, katikati ya jiji la Bujumbura, kama ilivyo katika kila uwanja wa kandanda, mchezaji anaweza kuumia bila kuguswa na mtu. Mguu umekita chini, mwili unageuka, goti linabaki nyuma. Anainuka akichechemea, pengine anamaliza mchezo. Goti huvimba saa kadhaa baadaye au kesho yake.

Uvimbe huo wa kuchelewa ni miongoni mwa dalili za kuchanika kwa meniskasi, gegedu lenye umbo la mwezi mwandamo lililo kati ya fupa la paja na mfupa wa muundi. Kila goti lina mawili, la ndani na la nje, yanayosambaza uzito na kupunguza mshtuko. La ndani halisogei kwa urahisi, na ndiyo sababu huchanika mara nyingi zaidi.

Kukata au kushona

Ukingo wa nje wa gegedu hupata damu, hivyo mpasuko wa hapo unaweza kupona au kushonwa. Sehemu ya ndani karibu haipati damu kabisa. Mpasuko wake haujifungi, ingawa maumivu yanaweza kutulia.

Mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, Derrick Rose, alipitia njia zote mbili. Novemba 2013 gegedu lake liliposhonwa, alikosa msimu wote uliosalia. Februari 2015 goti lilelile lilipoumia tena, alikatwa kipande kilichoharibika na kurejea uwanjani Aprili. Kukata humrudisha mchezaji mapema, lakini kadiri gegedu linavyopungua ndivyo hatari ya goti kusagika uzeeni inavyoongezeka.

Kwa watu wa makamo, hali ni tofauti. Gegedu lililochakaa linaweza kuchanika kwa kuchuchumaa tu. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha wagonjwa 146 wa miaka 35 hadi 65, ulionyesha kuwa waliokatwa gegedu hawakupata nafuu zaidi ya waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza. Mwaka 2016, watafiti wa Norway walibaini kuwa wiki 12 za mazoezi yanayosimamiwa zilileta matokeo yanayolingana na ya upasuaji baada ya miaka miwili.

Gharama ya kupumzika

Matokeo hayo yana uzito wa pekee nchini Burundi. Sera ya matibabu bila malipo iliyoanza Mei 2006 iliwalenga watoto wa chini ya miaka mitano na wanawake wanaojifungua; goti la kijana anayecheza mpira halimo. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja hayahitaji chumba cha upasuaji. Yanahitaji mtaalamu wa kuyaelekeza, na muda.

Muda ndio mgumu kupatikana. Tangu Machi 2022 pikipiki na bajaji zilipopigwa marufuku katikati ya jiji, na kutokana na uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni, wakazi wengi wamelazimika kutembea mwendo mrefu. Anayeambiwa alipumzishe goti huenda hana njia nyingine ya kufika kazini.

Siku za mwanzo, barafu iliyofungwa kwa kitambaa, bendeji, kuinua mguu na kuepuka kuchuchumaa au kujipinda husaidia. Kulikanda goti kwa nguvu au kulivuta kunaweza kuongeza madhara.

Zipo dalili zisizopaswa kusubiri: goti lililokwama lisinyooke, mguu usioweza kukanyaga, goti linalolegea ghafla, au uvimbe wenye joto na homa. Kwa goti lililokwama, hasa la kijana, upasuaji wa mapema unaweza kuliokoa gegedu. Kwa wengine wengi, matibabu ya kwanza ni mazoezi na subira ya miezi kadhaa.