Dini Darasani: Kutengana au Kujuana?

Ufundishaji wa dini katika shule za Kenya aghalabu hujadiliwa kama suala la mitihani tu. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, hata hivyo, suala hili ni zito zaidi.

Mtaala humruhusu mwanafunzi kusoma Elimu ya Dini ya Kiislamu, ya Kikristo au ya Kihindu. Kipindi kinapowadia, kila kundi huenda kwa mwalimu wake. Hatimaye mwanafunzi huijua dini yake, ilhali ya jirani yake huisikia kwa uvumi. Somo la Elimu ya Jamii na Maadili, ambalo wanafunzi wa dini zote wangeweza kulisoma pamoja, liliondolewa mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Si haki kudai kwamba ratiba ya vipindi ndiyo iliyozaa ugaidi. Lakini magaidi huutumia ufa wanaoukuta. Tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, waliwabagua wanafunzi kwa dini. Watu 148 waliuawa. Desemba mwaka uo huo, basi liliposhambuliwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Kitendo chao chathibitisha kwamba kumlinda wa dini nyingine si kuilegeza imani.

Baada ya mashambulizi hayo, walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi waliondoka. Hivyo basi, mtoto wa Mandera anaweza kumaliza shule bila kumfahamu Mkristo hata mmoja.

Wapo wazazi wanaohofu kwamba kufundishwa dini ya wengine kutamtatiza mtoto. Hofu hiyo yaeleweka, ila mtoto wa eneo hili huanzia duksi, ambako huhifadhi Kurani na kuujua msingi wa dini yake. Kwa kuwa msingi huo upo, shule ina nafasi ya kumfunza jirani yake anaamini nini na kwa nini. Kujua si kufuata.

Yafaa basi Wizara ya Elimu itenge angalau kipindi kimoja kwa juma ambapo wanafunzi wa dini zote watajadili pamoja ukweli, amana, haki ya jirani na thamani ya uhai. Waongozwe na walimu wa dini zote pale wanapopatikana. Wahenga walinena: usilolijua ni kama usiku wa kiza. Shule ndiyo taa, nayo haifai kumulika upande mmoja tu.