Manifoldi ya Kiwandani Haikuua Injini Yangu

Leo tuweke programu kando tuzungumzie gari, ingawa mwishowe mtaona ni mambo yale yale.

Mnamo 2018 nilifunga tabo kwenye Corolla yangu ya 110, injini ya 5A-FE, nikitumia manifoldi yake ya kiwandani ya ekzosi. Injini ile ilivunjika pistoni. Tangu hapo kila anayesikia kisa hiki hunijibu: "Si ungenunua manifoldi ya tabo!" Mimi nasema hapana.

Manifoldi hukusanya moshi wa silinda 4 na kuupeleka kwenye bomba moja. Tabo inahitaji moshi huo huo uizungushe. Nilimwomba fundi wa kuchomelea anitengenezee kipande cha kuunganisha, upande mmoja ulingane na manifoldi na wa pili ulingane na tabo. Sisi waandishi wa programu tunafanya hivyo kila wiki: mfumo wa zamani ukifanya kazi, huuandiki upya, unauundia kiunganishi.

Ni kweli njia zake ni nyembamba, na ukitaka nguvu nyingi zitakubana. Lakini kwa shinikizo dogo hakuna neno. Ni chuma kizito kilichomiminwa kwenye kalibu, kinastahimili joto na kubeba uzito. Manifoldi za mabomba yaliyochomelewa kienyeji nimeziona zikipasuka kwenye maungio. Angalia tu mambo mawili: tabo iwe na kishikizo chake isining'inie, na bomba la kurudisha oili literemke vizuri hadi kwenye sampu, maana oili hiyo hurudi kwa mteremko, haisukumwi.

Sasa, injini ilikufaje?

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kilopaskali 83 hivi. Mombasa ni 101. Yaani injini isiyo na tabo hapa hukosa karibu asilimia 18 ya hewa yake. Nikaona niirudishie haki yake: tabo isukume 20 tu juu ya hewa ya nje. 83 na 20 ni 103. Kompyuta ya gari hupima shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini ndipo iamue kiasi cha petroli. Ikadhani tuko Mombasa bila tabo, ikatoa petroli sawasawa. Gari likapanda Limuru kwa gia ya juu. Nilitamba kweli kweli.

Kisha tukateremka Mombasa kwa harusi, mama mzazi akiwa kiti cha mbele. Springi inayodhibiti tabo haijui iko mji gani. Inajua 20 juu ya hewa ya nje, basi. Kadiri tulivyoteremka, hewa ya nje iliongezeka na jumla ikapanda nayo. Ufukweni ingefika 121. Sensa ya kiwandani kwenye injini isiyo ya tabo haisomi mbali zaidi ya shinikizo la usawa wa bahari. Hewa ikazidi, petroli ikabaki pale pale, na cheche za plagi zikawa zinawaka mapema mno. Ongeza joto, na sikuwa nimefunga kipoza hewa. Nikilipita lori baada ya Voi, nikasikia injini ikigonga kama misumari ndani ya mkebe, kisha moshi wa buluu.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, si gari hili lilikuwa likifika Mombasa kabla hujalitengeneza?"

Sina jibu mpaka leo.

Injini ilipofunguliwa, pistoni ya 3 ilikuwa imevunjika kati ya ringi. Manifoldi? Nzima, hata ufa haikuwa nao. Kosa lilikuwa langu, na ni lile lile ninalowakemea vijana kazini wanaposema "kwangu inafanya kazi." Nilipima Nairobi nikadhani nimepima Kenya.

Kwa hiyo ukiniuliza pesa ianzie wapi, nitakwambia: sensa inayosoma shinikizo kubwa, kompyuta inayoweza kupangwa upya, injekta kubwa, kipoza hewa, na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli. Ukumbuke pia kwamba mgandamizo wa 5A-FE ni 9.8 kwa 1, ilhali Toyota walipounda injini ya tabo ya Starlet, 4E-FTE, waliushusha hadi 8.2. Hawakufanya hivyo kwa mapambo.

Manifoldi ya kung'aa iwe ya mwisho kwenye orodha. Watu huinunua kwanza kwa sababu inaonekana ukifungua boneti. Lakini kinachoua injini hakionekani. Ni namba ambayo kompyuta haikuambiwa.

Je, wewe ungeanza na kipi?