Simu ni yako, lakini laini ni ya nani?

Ndugu msomaji, laini unayotumia imesajiliwa kwa jina la nani? Wengi wetu katika makazi ya wakimbizi tunatumia laini ya jirani, ya mwenye duka, au ya mtu aliyekwisha kuhama. Kwa kuwa inapiga na kupokea, tunaona hakuna tatizo. Tatizo lipo.

Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, simu imekuwa benki ya mtu asiye na benki. Mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianzisha Bamba Chakula kambini Kakuma. Sehemu ya mgao ilitumwa kwa simu, familia zikachagua zenyewe cha kununua, na wafanyabiashara, wakimbizi na wenyeji, wakapata wateja. Msaada uleule ulilisha familia na kuinua soko.

Lakini faida hiyo haimfikii kila mtu kwa usawa. Kampuni ya simu inamtambua aliyesajili laini, si anayeitumia. Laini ikipotea, ni yeye anayeweza kuirudisha. Mkikosana au akihama, akiba yako inaweza kubaki mikononi mwake, nawe huna pa kudai. Mara nyingi anayeumia ni mwanamke ambaye laini ya nyumbani iko kwa jina la mwingine.

Nchini Uganda, kwa muda mrefu kikwazo kilikuwa hati. Agosti 2019, Tume ya Mawasiliano (UCC) iliruhusu wakimbizi kusajili laini kwa hati wanazopewa na Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Minara ilikuwepo kabla ya hapo. Kilichofungua mlango ni uamuzi huo. Ndiyo maana tunasema teknolojia huleta maendeleo pale tu sheria inapomtambua mtumiaji.

Mwenyeji naye ananufaika. Mkulima anayemuuzia mkimbizi mahindi hulipwa papo hapo, bila kutembea na fedha mfukoni.

Basi, kama una hati, nenda kwa wakala anayetambuliwa na kampuni ukasajili laini kwa jina lako. Hamisha akiba yako kabla ya kuiacha ile ya zamani, na wajulishe wanaokutumia fedha. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa shirika. Kama huna hati, anza na ofisi ya OPM iliyo karibu nawe.