Chukua Stori, Lakini Usifute Jina

Wiki jana beshte alinitumia video akaniuliza, "Hii si ile yako ya milango ya Ndia Kuu?" Maneno yalikuwa yangu yote, hadi ule mzaha wangu wa paka wa Mji wa Kale. Sauti tu ndiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya AI, Kiswahili kimenyooka kama kimepigwa pasi. Mazee, niliumia. Ile skripti niliiandika siku tatu, kwa bando la kukopa.

Nilikuwa tayari kuandika kwamba AI ipigwe marufuku kugusa kazi zetu. Halafu nikakumbuka hizo stori mimi nilizitoa wapi. Nilikaa barazani na babu mmoja, nikanywa kahawa tungu yake, na kwenye video sikumtaja hata mara moja.

Kufunga kila kitu si dawa. Muyaka bin Haji, malenga wa hapa hapa Mombasa, alifariki karibu na 1840. Mashairi yake yangepotea kama watu wangeyaficha. Waliyakariri, wakapeana, Mwalimu Sikujua akayaandika pamoja na mmishonari Taylor, na 1940 yakatoka kitabu huko Johannesburg. Yamepita midomo mingi, na bado twasema haya ni ya Muyaka. Jina halikuanguka njiani.

Hapo ndipo AI inatukosea. Inameza kazi za watu, inakupa jibu, na mara nyingi hujui limetoka kwa nani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakuruhusu kutumia kazi ya mtu kwa utafiti au uhakiki, mradi utumie kwa haki na utaje chanzo. Kama mimi natakiwa kutaja, mashine isamehewe kwa nini? Na kampuni ikiuza ilichojifunza kwetu, itulipe. Mwanafunzi ajifunze bure, sawa. Biashara ni biashara.

Mimi nimeanza na langu. Jana nilirudi barazani, nikamwomba babu radhi na ruhusa, kisha nikaweka jina lake juu kabisa ya maelezo ya video. Akacheka sana. "Kwani hao watu wako walidhani wewe ulikuweko siku hizo?"

Nilikosa jibu. Na wewe, ile posti yako ya mwisho, stori ilikuwa ya nani?