Amonia ya Kigamboni ianzie shambani

Kigamboni pamezoea matangi. Bomba la TAZAMA la kwenda Ndola, kilomita 1,710, linaanzia hapo. Meli hushusha mafuta kwenye boya la Mjimwema. Na mwaka 2024 TPA ilianza kujenga matangi 15 ya kubeba lita milioni 378. Kwa hiyo likitajwa suala la amonia ya kijani, inayotokana na nitrojeni ya hewani na haidrojeni iliyotenganishwa na maji kwa umeme safi, jicho langu linavuka Feri. Haidrojeni yenyewe ni ngumu kuhifadhi, kwani huwa kimiminika kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Amonia inahitaji nyuzi 33 tu chini ya sifuri, na mafundi wa viwanda vya barafu wameizoea miaka mingi. Lakini wanaotaka tuikimbize kwenye meli za Ulaya au tuichome kufua umeme wanaanzia mkiani. Umeme ukigeuzwa amonia, kisha amonia ikarudishwa kuwa umeme, hubaki kama theluthi moja, pengine pungufu. Ikiingia kwenye mbolea, safari hiyo ya kurudi haipo. DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia zote huanza na amonia, na mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopaa Serikali ililazimika kuleta ruzuku. Kenya wameshaonja: shamba la Morendat, Naivasha, lina mtambo mdogo wa umeme wa jua wa kutengeneza kama tani moja ya amonia kwa siku.

Nitaambiwa umeme hautoshi. Machi 2024, maji ya Rufiji yalipofurika, TANESCO ilizima vituo vitano vya kufua umeme wa maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Kweli, ziada ya masika haiendeshi kiwanda mwaka mzima, na mtambo unaolala miezi sita ni hasara; ndiyo maana nasema tuanze na mdogo, wenye jua lake, gridi iwe nyongeza. Hoja nzito zaidi ni sumu. Amonia si ile amonia naitreti iliyolipuka Beirut mwaka 2020, ila ikivuja huchoma macho na mapafu, na inaweza kuua. Matangi ya Kigamboni tayari yana majirani. Kabla ya tangi la amonia kusimama, eneo la tahadhari lipimwe, fidia ilipwe, na kila mjumbe wa shina ajue king'ora kikilia watu wakimbilie wapi, maana kaskazi na kusi hazipeleki mvuke upande mmoja.