Tulimwandikia Kukhu mstari mmoja



Jumamosi nilikuwa kwenye mazishi ya mama mmoja mzee. Kwenye programu, maisha yake yalikuwa mistari minne, na wa mwisho ulisema: "Hakuajiriwa, alikuwa mama wa nyumbani." Zilizobaki zilikuwa digrii za watoto. Kisha waheshimiwa wakashika maikrofoni karibu saa mbili.

Nilitaka kukasirika, lakini nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo.

Kukhu wangu alipoitwa na Bwana, familia ilinipa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu pasta anajua kuandika. Nikaandika alikozaliwa, aliolewa lini, alizaa wangapi, na ule mstari wa mama wa nyumbani. Halafu ukurasa mzima wa sisi wajukuu na kazi zetu. Haya!

Sikuandika kwamba jogoo la kwanza lilimkuta akipuliza moto. Sikuandika kwamba kila Ijumaa alikanda sakafu kwa samadi ili ushirika wa jioni upate mahali safi, wala kwamba wahubiri wa mikutano walilala kwenye vitanda vyetu na sisi tukalala jikoni. Hakujua kusoma. Jioni nilimsomea Biblia kwa taa ya koroboi, na nikiruka mstari ili nimalize haraka, alijua. "Rudi nyuma," alisema, bila kuacha kuchambua mrenda.

Baada ya mazishi, mama mmoja muuza kuku sokoni alinishika mkono. "Wewe ndiye yule wa chuo cha Biblia? Mimi ndiye nilinunua kuku wenu." Wapendwa, kila muhula ulipofunguliwa niliona uwanja hauna kuku, na miaka yote nilidhani ni kideri! Kumbe ilikuwa karo yangu. Mama huyo hakuwa kwenye programu. Nilikuwa nimempa mbunge nafasi yake.

Someni Matendo 9. Petro alipofika Yafa, Dorkasi akiwa amelala amekufa, wajane walisimama karibu naye wakilia na kumwonyesha nguo ambazo huyo mama alikuwa amewatengenezea. Ushahidi ulikuwa mikononi mwao. Na Loisi, nyanya yake Timotheo, anatajwa kwa jina mara moja tu katika Biblia nzima. Pale Paulo anasema imani ya yule kijana ilikaa kwanza kwa huyo nyanya. Barua hiyo niliisoma chuoni muhula mzima, nikafanya mtihani, na sikusimama hata dakika kwenye jina lake.

Hata Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 hapa Kenya inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto na kulima shamba kuwa mchango wa kweli katika mali ya ndoa. Bunge limeliona hilo. Sisi kanisani bado tunaandika "hakuajiriwa" kana kwamba mtu alikaa tu.

Dada mmoja aliniambia, "Pasta, ukisifu jikoni utawafungia mabinti zetu huko." Namwelewa. Lakini Kukhu ndiye aliyekataa dada zangu waache shule, na alimkatalia babu mbele ya wazee. Wala sisemi mateso yake yalikuwa matakatifu. Mgongo ulimuuma miaka mingi kwa kubeba maji kutoka mtoni, na sisi wenye mishahara tulileta bomba pale bomani akiwa tayari kaburini. Hilo nalitubu.

Kwa hiyo katika kanisa letu, mimi kama mchungaji wenu sitasoma tena wasifu wa mama wa nyumbani kabla sijaketi na wale aliowalisha: jirani, mkaza mwana, mjane aliyekopeshwa unga. Hao watazungumza kwanza. Mheshimiwa atasubiri kwenye hema, na akiondoka kwa hasira tutamwombea.

Kama nyanya yako yuko hai, mpigie leo. Usiishie kwa "habari ya afya." Muulize aliuza nini ili wewe usome. Halafu urudi hapa uandike alichokujibu. Nitasoma yote kabla ya ibada ya Jumapili.